Mwaka Ambao Mbaabu Aling'oa Viraka

Naftaly Mbaabu alikuwa na ugonjwa wa malengo. Kila mwaka, tarehe mbili Januari (si tarehe moja, kwa maana tarehe moja ni ya kula), aliketi kwenye meza ya jikoni na kalamu ya bluu, akaandika mambo saba atakayoyatimiza kabla ya Desemba kuisha, kisha akabandika karatasi ile ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Mkewe Karwirwa aliikuta huko kila alipotafuta sufuria. Karwirwa ni mwalimu wa darasa la sita, na hawezi kuona karatasi imeandikwa akaiacha hivyo hivyo. Desemba ikifika aliibandua, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuipa maksi. Mwaka wa 2019 Mbaabu alipata mbili juu ya saba, na moja kati ya hizo mbili, kupunguza chapati, alipewa kwa huruma.

Malengo yenyewe hayakuwa mabaya. Kujua kuogelea, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumwona karibu na maji marefu. Kusoma Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, safari ambayo kila mwaka ilimwishia katikati ya Walawi. Kukimbia kila asubuhi kuzunguka uwanja wa Kinoru. Haya yalikuja na kwenda, lakini lengo la nne halikubadilika hata neno kwa miaka sita: kuondoa viraka vyote kwenye programu ya maji.

Hapo inabidi nieleze. Mbaabu ni mwandishi wa programu za kompyuta. Ana chumba kimoja cha kazi ghorofani karibu na huo uwanja wa Kinoru, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo nguo zake zina harufu ya dawa ya kupe siku zote. Ukiwa mjini Meru na watu wakisikia unajua kompyuta, wanakuletea kila kitu chenye waya. Alirekebisha printa za maofisi, akafufua simu zilizoanguka chooni, na siku moja mama mmoja alimletea pasi. Alipojaribu kueleza kwamba kazi yake ni nyingine, yule mama alimwambia ajaribu tu, na kusema kweli pasi ilipona.

Kazi aliyoiita yake, ile ya moyoni, ilikuwa moja tu. Ilikuwa programu ya Mradi wa Maji wa Rwanjue, nyumbani kwao, mbele kidogo ya Kianjai. Mradi una wanachama mia mbili na kumi. Maji yanatoka huko juu msituni kwa bomba, yanateremka yenyewe hadi kwenye tangi kubwa, na kutoka hapo yanagawanyika kwenye laini tano. Watu wote hawawezi kuvuta maji kwa wakati mmoja, la sivyo wa chini wanaoga na wa juu wanaangalia. Ndiyo sababu kila shamba lina zamu yake. Zamani zamu ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa ukutani mwa tangi, mvua ikazifuta, mbuzi wakajikuna hapo, na kila Jumatatu palikuwa na kelele.

Mwaka wa 2016 wakamwita Mbaabu, mtoto wa hapo hapo. Akawatengenezea programu inayopanga zamu na kumtumia kila mwanachama meseji: leo ni wewe, saa nane hadi saa tisa. Meseji nyingine ilikwenda kwa Mutugi. Mutugi ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga koki za laini zote tano kwa spana ndefu kama mkono wa mtu mzima, na alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, mvua na jua, bila hata siku moja ya kusema mgongo unauma.

Sasa, programu Mbaabu aliiandika vizuri, tena kwa fahari. Shida ilikuwa Rwanjue penyewe. Wiki ya pili tu, stima ilipotea, na stima ya huko hupotea ikiona wingu. Kompyuta kuukuu ya ofisi ya mradi ilipowaka tena iliamka ikidhani ni mwaka wa 2010. Watu wakapata meseji kwamba zamu zao zilikuwa miaka sita iliyopita. Mtu mwingine angenunua kompyuta mpya. Mbaabu aliishonea programu kiraka cha mistari mitatu: ukiona ni 2010 usiamini, uliza saa kwa simu. Pembeni akaandika maneno ambayo angeyaandika tena mara nyingi: "Ya muda tu. Usiguse." Hiyo ya muda ilifikisha miaka sita ikiwa na afya njema.

Kikafuata kiraka cha salio. Salio la meseji likiisha, programu ilimpigia Mutugi simu na kukata kabla hajashika. Ikilia mara moja, fungua. Ikilia mara mbili, funga. Mutugi aliuzoea mtindo huo hata meseji akaacha kuzisoma. Kikaja kiraka cha Wasabato. Familia sita haziwezi kumwagilia Jumamosi, kwa hiyo zamu yao ikiangukia siku hiyo programu iliirudisha nyuma hadi Ijumaa adhuhuri. Kikaja cha laini ya nne, ile inayopanda mlima mdogo. Mutugi alimwambia Mbaabu kwamba ukiifungua kabla ya laini ya pili kutulia dakika ishirini, bomba linajaa hewa na watu wa juu wanasikia bomba likikohoa tu. Mbaabu akaandika subiri dakika ishirini, usiguse.

Kikaja cha Cucu Ciakuthii. Huyu ni mama mzee aliyeolewa Rwanjue kutoka upande wa Chuka kabla hata bomba halijafikiriwa. Hajui kusoma, na simu iliyoandikishwa kwenye daftari la mradi ni ya marehemu mume wake, ambayo kijana wake aliondoka nayo hadi Mombasa. Meseji yake ilielekezwa kwa jirani, Kathambi, na Kathambi akiipata anatundika leso nyekundu kwenye ua. Cucu akiona leso, anashika jembe na kwenda kufungua mifereji yake.

Na kikaja cha ndugu wawili, Njuki na Murithi. Mashamba yao yanatumia koki moja, lakini hawajasemeshana tangu mazishi ya baba yao, kisa ni nani alistahili kubeba msalaba mbele. Wakikutana kwenye koki ni matusi. Mbaabu aliona dawa ni kuweka mtu katikati. Akaandikisha mwanachama wa mia mbili na kumi na moja, jina lake Hakuna, ambaye alipewa nusu saa kila wiki kati ya Njuki na Murithi. Hakuna hakuwa na shamba wala simu, na nusu saa yake ilimtosha Njuki kukusanya mabomba yake na kwenda nyumbani kabla Murithi hajateremka. Miaka mitano amani ilikuwapo, na Mbaabu hakumwambia mtu siri yake.

Hadi kufika mwisho wa mwaka wa 2021, neno "usiguse" lilikuwa limeandikwa kwenye programu ile mara thelathini na moja. Kwa sehemu kubwa Mbaabu mwenyewe hakujisumbua tena kukumbuka kwa nini.

Januari ile ya 2022 ikaja simu. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Igoki, katibu wa mradi wa maji huko Embu, kwenye miteremko juu ya Runyenjes. Wao ni wanachama mia nane. Walikuwa wamesikia habari za Rwanjue na walitaka kuja kuona kwa macho yao, Alhamisi ya kwanza ya Februari. Mbaabu alipokata simu alishuka ngazi hadi duka la dawa akamwambia mwenye duka habari hiyo, kwa sababu ilikuwa lazima amwambie mtu. Watu mia nane! Lengo la tatu la mwaka ule lilikuwa kupata mradi wa pili, aachane na printa na pasi za watu, awe mtu wa maji kabisa.

Furaha ikamletea aibu. Alijiona amefungua laptopu mbele ya wageni, na yule katibu ameinama anasoma: usiguse, usiguse, usiguse. Ni sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni akakuta umeshikilia paa kwa kamba. Kwa hiyo Mbaabu akapiga moyo konde. Wiki mbili mfululizo aling'oa viraka. Kila mstari uliosema usiguse, aliugusa. Hakuna alifutwa pamoja na nusu saa yake. Wasabato wakarudi kwenye foleni kama watu wengine. Namba za simu zikachukuliwa moja kwa moja kwenye daftari la mradi, kama inavyostahili. Aliijaribu programu mpya pale Kinoru kwa wanachama wa kubuni mia mbili, wote wana simu nzuri, wote wanajua kusoma, na hakuna aliyenuniana na ndugu yake. Ilipita bila kosa hata moja, tena kwa kasi.

Tarehe kumi na saba Januari akaiweka kazini Rwanjue kutoka pale pale kwenye kiti chake. Jioni alifungua kabati la vyombo akaweka alama ya vema kwenye lengo la nne. Karwirwa akamkumbusha kwamba mtahiniwa hajisahihishi, angoje Desemba.

Sasa Januari na Februari huko Kianjai ni jua kweli. Mtu akikosa zamu yake moja, sukuma wiki shambani inalala chini. Akikosa mbili, ameng'oa.

Habari zilimfikia Mbaabu kidogo kidogo, na kila moja ilikuja na jina la Mutugi. Mwenyekiti wa mradi, Mzee Mutembei, alimpigia akilalamika kwamba Mutugi amebadilika. Laini ya nne haipati kitu. Wasabato wamefunguliwa maji asubuhi wako kanisani, yakamwagika hadi barabarani. Wengine hawapati ujumbe kabisa. Watu walikuwa wanasema Mutugi amezeeka na kiburi, anawapa maji anaowapenda na kuwanyima asiowapenda, na wengine wakamwita mwizi. Njuki na Murithi walikuwa wamekutana kwenye koki, wakatukanana hadi sauti zikakauka, kisha wakakubaliana kwamba Mutugi amewakutanisha makusudi ili wauane. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu mazishi.

Mbaabu alisema pole, kweli watu hubadilika. Akaendelea kuchagua rangi za slaidi atakazowaonyesha wageni. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye furaha, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Jumanne, siku mbili kabla ya wageni, alienda Rwanjue kuandaa ukumbi wa kanisa. Alipita kwa Cucu Ciakuthii kumsalimia, kwa sababu huwezi kupita kwake bila kusalimia halafu ukalala vizuri. Alimkuta amepiga magoti kwenye nyanya zake, akinyunyizia mashina maji ya sabuni kutoka kwenye karai. Nyanya zilikuwa zimekunjamana. Baada ya salamu Mbaabu aliuliza kwa nini hakuwa anamwagilia zamu yake ikifika. Cucu akajibu kwamba ameangalia ua wa Kathambi wiki mbili, asubuhi na jioni, na leso haijatundikwa hata siku moja.

Leso? Mbaabu alisimama hapo na neno hilo mdomoni. Halafu likamwingia. Simu ya marehemu. Mombasa. Kiraka. Na nyuma ya hicho vingine vyote vikaanza kupanga foleni kichwani mwake, dakika ishirini za laini ya nne, Ijumaa ya Wasabato, nusu saa ya Hakuna. Kumbe hakuwa ameng'oa uchafu. Alikuwa ameng'oa watu.

Alimpata Mutugi kwenye tangi, ameketi juu ya jiwe, spana imelala miguuni. Alikuwa amekonda, na hakuinuka. Alisema Alhamisi wanakutana, na mwenyekiti ameshamwambia aje na spana aikabidhi mbele ya wanachama. Alilisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Mbaabu akauliza, kwa uoga, kama yeye mwenyewe hakuona kwamba saa zilikuwa zimekaa vibaya.

"Niliona," Mutugi akasema. "Niliona laini ya nne inafunguliwa mapema, nikashangaa. Lakini nikasema Mbaabu amesoma, ako na sababu yake."

Afadhali angemzaba kofi. Mbaabu aliteremka mlimani akijisemesha peke yake hadi watu wakamgeukia.

Kusema kweli, dawa ilikuwa rahisi. Programu ya zamani alikuwa ameihifadhi, kama anavyohifadhi kila kitu, kwenye faili aliyoiita chafu. Jumatano asubuhi akiwa Kinoru aliirudisha yote, viraka thelathini na kimoja, pamoja na Hakuna na nusu saa yake. Saa sita mchana Kathambi alikuwa ametundika leso, na laini ya nne ilikuwa inatiririka hadi juu. Na hapo ndipo ibilisi alipokuja kumwandalia kiti. Maji yamerudi, alimwambia. Wageni wakija kesho watakuta kila kitu sawa. Nani atajua? Mutugi atalaumiwa mwezi mmoja, utamsemea kwa mwenyekiti polepole wageni wakishaondoka, arudishwe. Ukisema kesho, wale mia nane umewaaga.

Alimweleza Karwirwa yote wakati wa chai. Alitumaini atasema neno la kumpa ruhusa. Karwirwa alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza Mutugi ana watoto wangapi shuleni, akaenda kusahihisha madaftari. Mbaabu angependa zaidi kama angegombezwa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wageni kutoka Embu walikuwa wanne, na Igoki alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, aliyevaa buti za shamba chini ya sketi safi ya kitenge. Alikuwa ameomba kupitishwa kwenye laini zote kabla ya mkutano, na matope yalikuwa bado mbichi. Mbaabu alikuwa amejipanga: wageni kwanza, slaidi, maswali, chai, waende zao, ndipo amvute mwenyekiti kando. Lakini Mzee Mutembei alikuwa na mpango wake. Alitaka wageni waone mradi wenye nidhamu, ambao haubembelezi mtu. Baada ya maombi akatangaza kwamba kabla ya yote wataanza na suala la mfungua maji.

Mutugi akasimama kutoka nyuma akapita katikati ya viti. Wanachama walimtazama kama watu wanavyomtazama mtu waliyemzoea miaka mingi na ghafla hawamjui. Aliweka spana mezani, polepole, isipige kelele. Mwenyekiti akauliza kama ana la kusema. Mutugi akasema alifungua vile alivyoambiwa, basi.

Mbaabu alitazama slaidi ya kwanza ukutani, maneno ya kijani, "Programu Safi, Maji kwa Wote." Alitazama buti za Igoki. Halafu akajikuta amesimama, na kwa kuwa alikuwa amesimama ilibidi aseme.

"Mwenyekiti, Mutugi hakukosa. Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kuruka ruka, akichanganya Kimeru na Kiswahili na maneno ya kompyuta, lakini alieleza yote. Kwamba aliona aibu ya viraka vyake. Kwamba aliviondoa ili wageni wasivione. Kwamba Mutugi alifuata simu, na simu ilikuwa inasema uongo wa Mbaabu. Kwamba jana aliirudisha programu ya zamani kimyakimya, na alikuwa amekusudia kunyamaza hadi wageni waondoke. Hilo la mwisho hakulazimishwa kulisema, na lilikuwa gumu kuliko yote. Alipomaliza hakujua akae au atoke, akabaki amesimama.

Mzee Mutembei alivua kofia, akaivaa tena. Wazee wawili wa laini ya nne, waliokuwa wamesema maneno mengi kuhusu Mutugi, walianza kutafuta kitu chini ya viti vyao.

Igoki ndiye aliyezungumza wa kwanza. Alisema hizo slaidi zinaweza kuzimwa, ameshaona za namna hiyo nyingi. Anataka kuona ile chafu.

Mbaabu hakuelewa, akaambiwa tena, akaifungua. Igoki akamwambia asome kwa sauti, kiraka kimoja baada ya kingine, na aseme ni cha nini. Akasoma. Aliposoma cha mwaka wa 2010 watu walianza kucheka chini chini. Aliposoma cha simu kulia mara moja na mara mbili, Mutugi mwenyewe alitabasamu, kidogo. Kilipofika cha Wasabato mzee wao mmoja aliinua mkono akashukuru, kwa sababu miaka yote alidhani ni Mungu aliyekuwa anawapangia Ijumaa. Cucu Ciakuthii alipotafsiriwa habari ya leso yake iliyo ndani ya kompyuta, aliuliza kama ni ile yenye maua au ile ya zamani.

Kisha akafika kwa Hakuna, akasita. Igoki akamhimiza. Mbaabu akasema ni mtu asiyekuwapo, aliyewekwa katikati ya Njuki na Murithi ili wasikutane. Kicheko kilipasuka hadi mabati yakalia. Njuki alitazama juu. Murithi alitazama chini. Halafu Murithi, bila kumgeukia ndugu yake, akasema kwa sauti kwamba nusu saa ya maji kila wiki miaka mitano ni maji mengi sana kumpa mtu asiyekuwapo, na Njuki akasema ni kweli, wagawane. Wakacheka wote wawili, kila mmoja akitazama kwake.

Kulikuwa na viraka saba ambavyo Mbaabu hakuweza kuvieleza. Kila alipokwama, mtu fulani ukumbini aliinua mkono akasema hicho ni changu, akataja sababu, na Igoki akaandika kwenye kijitabu chake. Vilipoisha vyote alifunga kijitabu.

"Mimi kompyuta sijui," alisema. "Nimekuja kuuliza kama hii kitu inafaa. Nani hapa anaweza kuniambia?"

Mwenyekiti alikohoa ajibu, lakini Igoki hakuwa anamtazama mwenyekiti. Alikuwa amemgeukia Mutugi, aliyekuwa bado amesimama karibu na meza kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia akae. Ukumbi mzima ukamgeukia. Wiki mbili huyu mtu ameitwa mwizi kwa ajili ya Mbaabu. Watoto wake wameitwa watoto wa mwizi njiani wakitoka shule. Sasa mia nane wa Embu walikuwa mikononi mwake, na kama angesema haifai, ni nani angemlaumu? Si Mbaabu.

Mutugi hakuwa na haraka. Alimtazama Mbaabu, kwa muda mrefu, kama anavyotazama bomba ambalo hajui limeziba wapi.

"Wiki mbili hukunipigia," alimwambia. "Ungeuliza tu, Mutugi, hii ni ya nini? Ningekwambia yote nikiwa nakunywa chai."

Mbaabu alisema ni kweli. Alisema anaomba msamaha, mbele ya watu wote, na hakuona haya. Mutugi aliitikia kwa kichwa, mara moja. Kisha akamgeukia Igoki.

"Programu yake ni nzuri, mama. Ichukueni. Lakini siku mtaona imeanza kuwa safi, nipigieni simu."

Akachukua spana mezani, akatazama saa ukutani, akasema laini ya pili imechelewa dakika nne, akatoka.